Kumwandikia Mtoto

Alasiri moja katika mwezi wa Rajabu, msimu wa korosho ulipokuwa ukingoni na watoto wameanza kurejea chuoni mmoja mmoja kutoka mashambani, alitujia kijana wa hapa hapa Tandahimba ambaye zamani tulimfundisha alifu na bee. Alitoa salamu, akatuamkia, akaketi pembeni ya mkeka, akangoja kwa adabu mpaka mtoto wa mwisho alipomaliza kusikilizwa somo lake. Kisha akafungua kifurushi cha kanga kuukuu, akatoa daftari tatu, akaziweka mbele yetu.

"Maalim," akasema, "hizi nataka kuzitia moto. Lakini nafsi imenikataza kufanya hivyo kabla wewe hujaziona."

Tulimwuliza ni daftari za nini. Akasema ni hadithi za watoto. Kwa muda wa miaka minne, kila arudipo shamba na kula chakula chake cha usiku, huwasha taa akaandika. Alikwisha kupeleka hadithi zake kwa wachapaji wawili. Wa kwanza hakumjibu kabisa. Wa pili alimjibu kwa upole kwamba hadithi si mbaya, bali gharama ya kuipiga chapa aitoe yeye mwenyewe. Na gharama hiyo ilizidi mapato yake ya korosho ya mwaka mzima. Juu ya hayo mjomba wake, nasi Wamakonde twajua neno la mjomba lina uzito gani, alimwambia mbele ya mkewe ya kuwa mtu mzima mwenye watoto wawili hakeshi akiandika habari za sungura na fisi hali palizi ya shamba lake inamngoja.

Siku ile hatukumpa jibu. Tulimwomba atuachie daftari zake mpaka Alhamisi, siku tufungapo chuo, naye aje alasiri. Alikubali, walakini tuliona jinsi alivyozitazama wakati wa kuondoka, na mtu azitazamaye daftari namna ile hajawa tayari kuzichoma.

Twaandika makala haya kwa kuwa twaamini kijana huyu si peke yake. Katika nyumba nyingi zinazosoma gazeti hili yumo mtu wa jinsi yake: pengine binti aliyemaliza shule ambaye hutunga vihadithi vya kuwalaza wadogo zake, pengine baba mwenye daftari chini ya godoro asilolionyesha kwa mtu. Na aghalabu wa kwanza kumvunja moyo ni watu wa nyumba yake mwenyewe, wala hawakusudii ubaya. Wao huona kazi isiyoleta fedha, isiyo na mwisho, tena inayohusu mambo ya kitoto. Basi husema wasemayo.

Jambo ambalo twapenda wasomaji wetu walifahamu kwanza ni kwamba kumwandikia mtoto ni kazi ya watu wazima wenye akili timamu, na ya zamani sana. Sura ya 31 katika Msahafu imepewa jina la Luqman, mtu ambaye sisi twamjua hasa kwa yale aliyomwambia mwanawe. Na huku kwetu katika pwani ya Waswahili, mwaka 1858, mwanamke mmoja wa Pate, Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siu, alikuwa mgonjwa na aliona ya kuwa siku zake si nyingi. Alikuwa na binti, Mwana Hashima. Basi alimwita bintiye akae karibu naye na wino na karatasi, akamtungia utenzi wa beti 102, wa namna ya kuishi na Mungu, na mume, na watu. Hakuutunga ili uuzwe, wala hakuwa na habari ya mchapaji yeyote. Alikuwa na msomaji mmoja tu, naye alimjua kwa jina, na kwa sura, na kwa tabia zake mbaya na nzuri. Mama yule alifariki yapata miaka miwili baadaye, na utenzi wake ungali wasomwa hata leo, mtu wa tano au wa sita baada yake.

Huyo ni mwenye kuandika mara moja, kwa dharura ya mauti. Lakini kijana wetu hakuuliza habari ya kuandika mara moja. Aliuliza mtu aendeleeje mwaka baada ya mwaka pasipo tamaa ya malipo. Kwa swali hilo hatumjui mtu wa kumtolea mfano kuliko marehemu Shaaban Robert, na msomaji atatuwia radhi tukikawia kidogo kwake.

Alizaliwa tarehe 1 Januari, 1909, katika kijiji cha Vibambani karibu na Tanga. Waelezao nasaba yake hutaja asili ya Kiyao, yaani jirani zetu hawa wa Masasi na Tunduru, ijapokuwa yeye mwenyewe alijihesabu Mswahili. Alisoma shule Dar es Salaam toka mwaka 1922 hata 1926, na huo ndio mwisho wa kusoma kwake darasani. Baada ya hapo alikuwa karani wa serikali: kwanza katika Idara ya Forodha mpaka mwaka 1944, kisha katika idara nyingine, kisha katika ofisi ya wilaya huko Tanga, kisha katika ofisi ya upimaji, mpaka alipopumzika mwaka 1960. Watu husahau jambo hili. Wao hudhani mtu mwenye vitabu zaidi ya 20 lazima alikuwa hana kazi nyingine. Kumbe mshahara wake ulitoka katika kuandika hesabu na barua za serikali, na vitabu alivitoa katika saa zilizosalia, saa ambazo mtu mwingine hulala au huketi barazani.

Mkewe Amina alifariki, naye akabaki na watoto wadogo wa kulea. Hapo ndipo alipowatungia tenzi mbili: Utenzi wa Hati kwa ajili ya bintiye Mwanjaa, na Utenzi wa Adili kwa ajili ya mwanawe wa kiume. Zote mbili amezitia katika kitabu chake cha Maisha Yangu. Mwenye kuzisoma ataona mara moja kwamba amefuata nyayo za Mwana Kupona, lakini ataona vilevile kwamba anayesema ni baba, mwanamume mjane, karani anayehamishwa huku na huku, asiyejua kesho atakuwa kituo gani. Yale ambayo mama angeyasema jikoni kidogo kidogo kwa muda wa miaka kumi, yeye ilimlazimu kuyaandika. Sisi twadhani, na hii ni dhana yetu tu, kwamba hapo ndipo alipojifunza kumwona msomaji mbele yake. Kwa maana hata katika vitabu vyake vikubwa vya baadaye waweza kusikia sauti ya mtu anayezungumza na mtoto aliyeketi karibu, amempa mkono begani.

Sasa tutazame njia ambayo vitabu vyake vilipita. Pambo la Lugha kilipigwa chapa Johannesburg, mwaka 1947. Maisha Yangu kilitoka mwaka 1949, Kusadikika mwaka 1951, na Adili na Nduguze mwaka 1952, vyote London. Fikiri, msomaji: mtu wa Tanga aandika Kiswahili kwa ajili ya watu wa Tanga, Lindi na Mombasa, na kitabu chake chavuka bahari au chaenda mpaka ncha ya Afrika ndipo kimrudie. Barua yaenda miezi, jibu larudi miezi. Barua zake mwenyewe alizomwandikia nduguye Yusuf Ulenge toka mwaka 1931 hata 1958 zilichapishwa kitabu mwaka 2002, nazo zaonyesha jinsi mtu yule alivyoshughulika na miswada, na wachapaji, na fedha, miaka nenda miaka rudi. (Yusuf Ulenge naye alikuwa mwandishi; kitabu chake cha Nguzo ya Maji kilikuwa cha hadithi za namna ile ile wanayoipenda watoto.) Mwisho Shaaban Robert alichoka kungoja wengine, akaanzisha mwenyewe uchapishaji wake huko Tanga, akauita Art and Literature, na kwa mlango huo akatoa vitabu kama Masomo Yenye Adili mwaka 1959.

Na bado hayakwisha. Kufikirika alikiandika mwaka 1946; kilitoka Nairobi mwaka 1967. Hiyo ni miaka 21. Utenzi wa Vita vya Uhuru, wenye beti karibu 3,000, aliutunga kwa habari ya vita vya mwaka 1939 hata 1945, nao pia ulitoka mwaka 1967. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vilitoka mwaka 1968. Mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki mwezi wa Juni, 1962, miezi sita tu baada ya Tanganyika kupata uhuru wake. Alikuwa na umri wa miaka 53. Sisi umri huo tumekwisha kuupita, na kila tukumbukapo twaona haya kidogo.

Yuko mtu atakayesema: hiyo ni subira, lakini furaha iko wapi? Mbona mwaeleza dhiki tupu? Sisi hatudai kuujua moyo wa mtu aliyekwisha kwenda zake. Lakini twajua kitu kimoja ambacho twakiona kwa macho yetu kila mwaka, nacho ni Adili na Nduguze mbele ya watoto.

Tuseme kweli. Shaaban Robert hakuwa mwepesi. Maneno yake mengine ni magumu hata kwa watu wazima, na mahali pengi husimamisha hadithi ili aseme neno la hekima, nao watoto wa Tandahimba, ambao nyumbani husema Kimakonde na Kiswahili hukikuta shuleni, hupiga miayo. Mwalimu asomaye kitabu kile kama kilivyo, mstari kwa mstari, atawapoteza kabla ya ukurasa wa kumi. Walakini mwaache wafike pale Ikibali, mjumbe wa Mfalme Rai, alipo mgeni katika nyumba ya Adili. Ni usiku. Adili, mtu mwema asiyejulikana kwa ubaya wowote, anaamka, anafungua chumba, na ndani mna nyani wawili waliofungwa. Anawachapa viboko. Kisha anawakumbatia na kulia, na kuwafuta machozi, na kuwalisha chakula kizuri. Hapo sisi hufunga kitabu. Husema, "Kesho, inshallah." Chuo kizima huguna! Na kesho yake hakuna anayechelewa. Wengine huja na wadogo zao ambao hawajafikia umri wa kusoma.

Asili ya hadithi hiyo imo katika Alfu Lela u Lela, na humo wanyama wale ni mbwa. Yeye aliwageuza kuwa nyani. Mwaka mmoja tuliwauliza watoto kwa nini wanadhani alifanya vile. Mmoja akasema, kwa sababu nyani ana mikono kama mtu. Mwingine, ambaye baba yake hulinda mahindi kila msimu na nyani humshinda, akasema kwamba kumwonea huruma nyani ni kazi ngumu zaidi, basi mwandishi ametaka tufanye kazi ngumu. Mtoto huyo alikuwa na miaka tisa. Tangu siku hiyo hatujawahi kusikia maelezo bora ya kitabu kile, na twaamini kabisa kwamba mtu akaaye usiku na kalamu, akambadili mbwa kuwa nyani, na jinsi ya kuwapa wale ndugu wawili majina ya Hasidi na Mwivu ili mtoto asihitaji kuelezwa zaidi, mtu huyo alikuwa akitabasamu peke yake chini ya taa. Kitu kama hicho hakifanywi kwa uchungu.

Baada ya zama zake mambo yamepata nafuu. Mwaka 1991 ulianzishwa Tanzania Mradi wa Vitabu vya Watoto, ambao uliwasaidia wachapaji wa nchini kwa kununua sehemu kubwa ya nakala za vitabu vya watoto na kuzipeleka shuleni. Kwa njia hiyo waandishi kadha wa kadha walipata kusomwa ambao vinginevyo wasingalisomwa. Twashukuru. Lakini mradi mmoja hauwezi kumfikia kila mwenye daftari, na hapa petu juu ya uwanda wa Wamakonde duka la kalamu na karatasi lipo, bali la vitabu vya hadithi sisi hatujaliona; mzazi atakaye kitabu humwagiza mtu ashukaye Mtwara.

Sasa imetupasa kusema habari zetu wenyewe, jambo ambalo hatulipendi, ila kijana yule alistahili kulisikia na msomaji vilevile.

Sisi ni watu wa chuo na darasa la saba. Mwaka 1998 tuliandika hadithi ya mtoto aliyetumwa na bibi yake kuteka maji bondeni. Wasomaji wa mahali pengine wafahamu kwamba uwanda wetu uko juu, udongo wake hunywa mvua upesi, na tangu zamani watu wameshuka mabondeni kutafuta maji na kupanda nayo tena mlima. Basi mtoto yule katika kurudi kwake alikutana na watu, na kila mmoja alimwomba funda moja, naye kwa huruma alimpa, hata alipofika mlangoni mtungi ulikuwa na maji ya kutosha kunawa uso tu. Yaliyompata kwa bibi yake ndiyo yaliyokuwa hadithi. Tuliiandika upya mara tano. Tulimsomea kila mtoto aliyekubali kukaa. Mwisho tulimpelekea mchapaji mmoja daftari lenyewe, kwa posta, na kwa ujinga wetu hatukubakiza nakala.

Mwaka ukapita, na wa pili. Tukakopa nauli, tukaenda wenyewe. Tuliambiwa daftari halionekani. Hapakuwa na mtu wa kugombana naye, kwani aliyelipokea hakuwapo tena. Tulirudi Tandahimba, na kwa muda wa miaka tisa hatukuandika hata ukurasa mmoja usio wa hesabu za chuo. Tulijiambia kwamba tumekuwa wenye busara. Lakini ukweli ni kwamba tulikuwa na kiburi kilichojeruhiwa, na waliolipa gharama yake ni watoto, waliosoma miaka tisa bila kuwa na kitu cha kusoma kwa furaha baada ya somo.

Kisha siku moja mama mmoja, mwanafunzi wetu wa zamani, alimleta mwanawe kumwandikisha. Tulimwuliza mtoto kama anajua kitu chochote. Tulitaraji Alhamdu. Yeye akasema, "Najua yule mtoto wa mtungi." Akaanza kutuhadithia hadithi yetu wenyewe, mbele ya mama yake, toka mwanzo hata mwisho. Watu wote walikuwamo: mzee wa fimbo, mwanamke wa kuni, mpita njia mwenye kikohozi. Tena alikuwamo mbuzi, ambaye sisi hatukumwandika kamwe. Tulimwuliza mama, "Huyu mbuzi katoka wapi?" Akacheka, akasema hajui, yeye huikumbuka hivyo hivyo, na mbuzi yumo.

Tulilala usiku ule tukifikiri. Asubuhi tulianza kuwatafuta wanafunzi wetu wa zamani, mmoja alikuwa fundi baiskeli, mwingine akiuza samaki sokoni, na kila mmoja tulimwomba atuhadithie alichokikumbuka. Hivyo daftari lililopotea tukaliokota vipande vipande katika vinywa vya watu. Lililopatikana lilikuwa bora kuliko letu. Yale tuliyoyaandika ili tuonekane wajuzi wa lugha yote yalikuwa yamesahauliwa. Yale yaliyowafurahisha yote yalikuwapo. Mbuzi tumemwacha.

Tangu hapo tumeandika vihadithi 14. Kila kimoja twakiandika kwa mkono, twakipeleka duka la fotokopi, na binti yetu hukishona kwa sindano na uzi. Mpaka leo hakuna hata kimoja kilichopigwa chapa na mchapaji, na tutakuwa waongo tukisema kwamba jambo hilo halituumi. Huuma, hasa mtu akipita na kitabu kizuri chenye picha za rangi. Lakini kuna kabati lenye nakala zilizochakaa pembe kwa kushikwashikwa, na daftari lililochakaa kwa namna ile halihitaji kuelezwa na mtu.

Turudi kwa kijana wetu. Zile siku mpaka Alhamisi tulizisoma daftari zake zote tatu. Ya kwanza ilikuwa dhaifu, tukamwambia hivyo. Ya pili ilikuwa ya sungura na fisi, nzuri, ila zile ambazo bibi zetu husimulia kwa Kimakonde ni nzuri zaidi. Ya tatu ndiyo iliyotukesha. Ilikuwa habari ya bibi mwenye mikorosho saba na mnunuzi wa kangomba. Kwa wasiojua, kangomba ni biashara ya kununua korosho kwa mlango wa nyuma, kwa kipimo cha kibaba au bakuli badala ya mizani, na kwa bei ya mtu mwenye shida. Katika hadithi ile mnunuzi kila ajapo kibaba chake kimekuwa na tumbo kubwa zaidi, kwa kuwa usiku hukigonga kwa nyundo kwa ndani, na bibi kila siku humtazama asiseme neno.

Alhamisi alikuja. Hatukumpa maoni yetu. Tulimwambia aketi mbele ya watoto asome. Alikataa, akasema sauti yake si nzuri. Tukamwambia wale wamekwisha kukaa. Walikuwa yapata 40, wakubwa nyuma, wadogo mbele miguu imekunjwa.

Mwanzoni alisoma kama mtu asomaye barua ya shauri. Alipofika pale kibaba kilipogongwa mara ya pili, msichana mmoja mdogo alicheka peke yake, kwa sauti. Kijana akainua macho. Ukurasa uliofuata alisoma kwa sauti nyingine, na mnunuzi akapata sauti yake, na bibi akapata ya kwake, na nyundo ikagonga juu ya sakafu kwa kifundo cha kidole chake. Watoto wakaanza kuihesabu nyundo pamoja naye. Hatukuwa tumemwona akicheka tangu alipokuwa na umri wao.

Kisha alifika kurasa mbili za mwisho, ambazo ndani yake ameandika mawaidha juu ya uaminifu katika vipimo. Mawaidha yalikuwa ya haki kabisa, na sisi ndio tuliomfundisha. Lakini mvulana mmoja alimfinya mwenziwe, na nyuma wakaanza kunong'ona. Kijana aliona. Alisoma mistari michache zaidi, akanyamaza, akafunga daftari juu ya kidole.

Yule msichana aliyecheka akauliza, "Na kile kibaba kilikwenda wapi?"

Hakuwa ameandika. Akageuka kututazama, nasi tukatazama dari. Basi watoto wakaanza kumwambia. Mmoja akasema bibi alikitwaa akapandia mche wa mkorosho. Mwingine akasema kuku walilalia mayai ndani yake, na kwa kuwa tumbo lake lilikuwa kubwa waliingia kuku wanne. Mvulana aliyefinya mwenziwe akasema hapana, mnunuzi alipata njaa, akaja kwa bibi kununua mchele, naye bibi akampimia kwa kibaba kile kile. Lakini alikigeuza juu chini, akampimia kwa kile kitako. Hapo chuo kilivunjika kwa kicheko, na kijana akaomba penseli.

Aliandika amepiga magoti, daftari juu ya goti, akifuta kwa ukali zile kurasa mbili, na watoto wamemzunguka wakimsahihisha. Hatukumzuia mpaka mwadhini alipoadhini Magharibi.

Baada ya sala tulizungumza naye mambo matatu au manne, ya kazi tu. Aandike nakala mbili siku zote, moja asiitoe nyumbani. Asilipe fedha ya korosho kwa mchapaji. Hadithi asiipeleke popote kabla haijasomwa mbele ya watoto wasio wake, kwani watoto wa mtu humwogopa baba yao. Na shamba alipalilie kwanza, maana katika hilo mjomba wake hakukosea. Tutakwenda sisi wenyewe kumwona mzee huyo baada ya palizi, tukamwombee saa moja ya usiku. Hatujui kama atakubali.

Kijana aliondoka upesi, daftari zote tatu kwapani, penseli yetu sikioni. Ile kanga kuukuu aliisahau juu ya mkeka. Tumeikunja, tumeiweka juu ya kabati la misahafu mpaka Alhamisi ijayo.